Rupia Kumi na Mbili, na Wako?

Mtu akimuuliza mwendesha winchi wa gati la Chole analipwa kiasi gani, alijibiwa papo hapo, kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo, kisiwani Juani: "Rupia kumi na mbili kwa mwezi! Na wako?"

Jibu halikumdhuru mtu. Swali ndilo lililokuwa na miiba. Kwetu Mafia mtu huficha pato lake kama anavyoficha ugonjwa wa ndani. Aliye nacho hujitia umaskini ili asiombwe, asiye nacho hujitia utajiri ili asidharauliwe, na kwa njia hiyo tunaishi kwa amani. Yeye aliivunja amani hiyo kila siku. Alimuuliza kadhi. Alimuuliza Mhindi wa duka la nguo. Alimuuliza nahodha wa meli ya serikali, kwa vidole, maana hawakuwa na lugha moja. Siku ya harusi ya dada yangu alimuuliza baba yangu mbele ya wageni, sahani ya pilau ikiwa kati yao: "Sheikh, mbata za mwaka huu zimekuingizia ngapi?"

Baba, ambaye alikuwa na minazi mingi kuliko maneno, alijibu kwamba riziki ni ya Mungu.

"Najua ni ya Mungu," akasema yule mwendesha winchi, akitafuta nyama kwenye wali. "Nauliza ile aliyokuazima wewe."

Mimi ni mtoto wa mwenye minazi huyo. Nilisomeshwa Unguja, kisha Misri, katika chuo kikubwa chenye nguzo nyingi na chakula kidogo, nikarudi na tarbushi jekundu na kikohozi. Tangu hapo nimeandika makala kadhaa, ambazo ndugu zangu wamezisoma kwa heshima ya damu. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba mtu ninayemweleza alinifahamu tangu utoto wangu, na hata siku moja hakupendezwa nami kupita kiasi.

Winchi yenyewe ililetwa na Mdachi, Mjerumani aliyetutawala, wakati nikiwa bado nahitimu juzuu chuoni. Kabla ya hapo mizigo yote ya Chole ilipanda na kushuka kwa mabega ya mahamali. Walisimama majini mpaka kifuani, wakaimba, na gunia likatoka kwenye tishari, ile mashua pana ya mizigo, likafika forodhani kabla halijajua limepita mikononi mwa nani. Akaja Mdachi, akaona watu wengi wanafanya kazi huku wanaimba, na jambo hilo likamkera. Akaagiza chuma.

Kilikuwa kitu cheusi, kimesimama mwisho wa gati, na mkono mrefu umeelekea baharini kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kurudi kwao. Watu wawili walizungusha mipini, mmoja huku na mmoja huku. Wa tatu alisimama kwenye breki, akautazama mnyororo na kutoa amri. Huyo wa tatu ndiye aliyeitwa mwendesha winchi, na ndiye peke yake aliyelipwa mshahara. Wale wawili walikuwa watu wa kodi: wanaume walioshindwa kulipa kodi ya nyumba, sasa wanailipa kwa mikono yao, wanazungusha kutwa na kurudi nyumbani bila hata pesa moja ya kununulia chumvi. Mahamali waliobaki walipata vibarua vidogo vidogo, leo vipo, kesho hakuna.

Yeye mwenyewe alikuwa hamali. Kwa nini alichaguliwa yeye? Alisema ni akili. Mkewe alisema ni sauti, kwa kuwa Mdachi alitaka mtu ambaye amri zake zitasikika mpaka kwenye tishari. Nimewahi kuisikia sauti hiyo nikiwa upande wa pili wa kisiwa, na namwamini mke.

Alipopanda cheo alianza kwenda kazini na kanzu nyeupe. Chuma kile kilipakwa mafuta mazito kama uji wa ulezi, na hakuna mavazi duniani yasiyofaa kwa kazi ile kuliko kanzu nyeupe. Alivaa hivyo hivyo. Kila jioni kanzu ilirudi na ramani mpya, na kila asubuhi ilitoka nyumbani kwake imetakata, kwa jasho la mtu ambaye hakuwa yeye. Nilipomuuliza siku moja kwa nini asivae kaniki, alinitazama kama niliyemtukana. "Mdachi anavaa nyeupe akiwa kazini," akasema. "Na yeye hafanyi kitu."

Sasa tuje kwenye rupia zenyewe, maana watu wamezisema sana, na wengi wamezisema vibaya.

Kumi na mbili hazikuwa kidogo. Askari wa boma alipata zaidi. Mtu aliyepalilia minazi ya baba yangu alipata chini ya hapo, mara nyingine chini sana. Baba hakupenda jambo hilo litajwe, lakini amekwisha kutangulia, na mimi nimerithi minazi pamoja na aibu yake. Kodi ya nyumba ilimega kipande. Mchele wa Rangoon ulimega kipande kikubwa zaidi. Mafuta ya taa, sabuni ya kanzu, kanga za mke kwa sikukuu, tambuu ya kila siku. Muhogo ulitoka shambani na samaki walitoka kwa shemeji. Kila mtu wa Chole alimpigia hesabu, kwa kuwa hakuna hesabu nyepesi kama ya fedha za mwenzio, na wote walikubaliana kwamba mtu yule angeweza kununua minazi miwili mitatu kila mwaka na kuzeeka katika kivuli chake.

Hakununua hata mmoja. Paa lake lilivuja kila masika. Binti yake aliolewa kwa karamu ya wali na mchuzi wa papa, na mawifi zake walilitaja jambo hilo kwa miaka. Sababu ilikuwa jamvi.

Mahamali wa Chole walikuwa na desturi yao. Jioni baada ya kazi walitandika jamvi nyuma ya forodha, kila mtu akamwaga juu yake alichopata siku hiyo, kisha mkubwa wao akagawa mafungu sawa. Aliyelala nyumbani kwa homa alitengewa fungu. Aliyekufa, mkewe alitengewa fungu mpaka atoke eda. Hakuna aliyeulizwa kama alibeba gunia au kikapu. Jamvi halina macho, walisema, na neno hilo likamaliza ugomvi mwingi kabla haujaanza.

Siku alipopokea mshahara wake wa kwanza wa winchi, aliipita nyumba yake bila kugeuza shingo, akaenda nyuma ya forodha na kuzimwaga rupia zote kumi na mbili juu ya jamvi. Mkubwa wa mahamali, mzee mwenye jicho moja, alizirudisha kwa kiganja.

"Chukua zako, bwana. Hizi ni za chuma. Sisi leo hatuna hata cha kumwaga."

"Kwani mimi nimeacha lini kuwa wa jamvi hili?" akajibu. "Nimepewa winchi, sikupewa talaka."

Zikagawanywa. Wazungushaji wawili, wale watu wa kodi, nao wakakalishwa jamvini, ingawa hawakuwa mahamali. Alisema mkono uliozungusha mpini ni mkono uliobeba mzigo, na asiyekubali ajaribu kuinua gunia kwa breki peke yake. Kwa hiyo, ukitaka kujua mshahara wa mwendesha winchi wa Chole ulifika wapi, ulifika mbali kabisa, kila mahali isipokuwa kwake.

Mkewe hakulichukua jambo hilo kimya. Alikuwa mwanamke mfupi, msuka mikeka, mwenye ulimi ulioogopwa hadi Kua, ambako hakuna watu ila magofu. Alimsubiri mlangoni.

"Mume wangu analipwa kumi na mbili na Mdachi, mimi naletewa moja. Hizo nyingine za mke gani?"

"Za wake wote wa Chole."

"Haya. Basi na wakupikie hao wake wote wa Chole!"

Kweli hakupikiwa. Akala kwa zamu katika nyumba za mahamali, leo hapa kesho pale, na wanawake wa nyumba hizo wakashindana kwa mapishi ili mgeni asiende kumsifu jirani. Juma lilipokwisha alirudi nyumbani amenenepa mashavu. Mkewe akaona hasara iko wapi, akawasha moto.

Jambo la jamvi lingeendelea hivyo kimya kimya kama asingeletwa bwana forodha mpya, kijana wa Kidachi mwenye shingo iliyobabuka kwa jua. Jioni moja aliangalia kutoka barazani kwake akaona wanaume wamezunguka jamvi, fedha zimelala katikati, mkubwa wao anasukuma sarafu huku na huku, na wote wamenyamaza wakitazama vidole vyake. Kwao Ulaya, nadhani, watu hunyamaza hivyo mbele ya jambo moja tu. Akatuma askari. Jamvi likakamatwa pamoja na watu wake kwa kosa la kucheza kamari.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa wazee walioitwa kukaa kwenye shauri hilo, na aliisimulia kesi ile maisha yake yote, kila mara Mdachi akizidi kidogo kuwa mjinga. Mimi nitaisimulia kama nilivyoisikia mara ya kwanza.

"Ninyi mnacheza kamari," alisema bwana forodha, kwa Kiswahili chake cha amri za kwata.

"Hatuchezi, bwana. Tunagawa," akajibu mwendesha winchi.

"Nani alishinda?"

"Hakuna."

"Nani alishindwa?"

"Hakuna, bwana."

"Na fedha zilikuwa za nani?"

"Jana zilikuwa zangu."

Kijana akafikiri. Wazee wakamweleza, mmoja baada ya mwingine, na kila maelezo yakaongeza uwekundu wa shingo yake. Mwishowe akaelewa, na kuelewa kwake kukawa kubaya kuliko kutoelewa.

"Wewe unatoa mshahara wako kwa watu hawa? Kila mwezi?"

"Ndiyo."

"Kama unaweza kuutoa, basi ni mkubwa mno." Akageukia karani wake. "Kuanzia sasa, rupia nane."

Kamari ikasamehewa, jamvi likarudishwa, na rupia nne zikapotea. Wazee walirudi makwao wakisema shauri limekwisha vizuri. Baba yangu pia alisema hivyo, nisimfiche.

Mwendesha winchi aliendelea kwenda kazini na kanzu yake, akainua na kushusha, mpaka ilipokuja meli ya serikali na mizigo ya boma: unga, mvinyo, mapipa ya mafuta, na hodhi la kuogea la chuma, jeupe, lenye miguu ya simba, mali ya bwana forodha mwenyewe. Tishari likaletwa gatini maji yakiwa yamejaa. Kila mtu wa Chole ajuaye bahari alijua kwamba lisipopakuliwa upesi, maji yatatoka na tishari litakaa matopeni na kila kilichomo.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa gatini pamoja na baba kwa sababu ya mbata zake, zilizosubiri kupakiwa tishari likishakuwa tupu. Hodhi likafungwa minyororo, wazungushaji wakazungusha, likapanda taratibu, likang'aa juani, likafika juu ya vichwa vyetu. Hapo likasimama. Mwendesha winchi alifunga breki, akapangusa mikono, akakaa juu ya jiwe na kufungua kijaluba chake cha tambuu.

Bwana forodha akatoka mbio. "Shusha!"

"Rupia nane zimefika hapo, bwana," akasema, akipaka chokaa kwenye jani. "Kutoka hapo mpaka chini kuna rupia nne."

Sijui nani alicheka kwanza. Ninachokumbuka ni kwamba gati zima lilikuwa limejaa watu ambao dakika chache nyuma hawakuwapo.

"Nitakupiga viboko!"

"Piga. Ila mwambie mwenye kiboko asisimame hapo aliposimama, pana hodhi juu yake."

Askari akasogea hatua mbili bila kuamriwa. Bwana forodha akawageukia wazungushaji, akawaamuru washushe wenyewe. Wakaachia mipini, wakaangalia baharini. "Sisi watu wa kodi tu, bwana," mmoja akasema. "Hatujui kitu."

Maji yakaanza kutoka. Baba yangu, aliyeziona mbata zake zinalala Chole mpaka meli nyingine, alishindwa kujizuia. "We bwana! Shusha, mbata zangu zinangoja!"

"Sheikh, na wewe una neno juu ya mishahara leo? Karibu, sema, watu wanasikiliza."

Tishari likaanza kuinamia upande. Bwana forodha alitazama hodhi, akatazama matope, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sikusikia, bwana. Upepo."

"Kumi na mbili!" akapiga kelele yule kijana, sauti yake ikakatika katikati. Watu wakaitikia kama wanavyoitikia dua.

Mwendesha winchi akatema tambuu, akasimama, akawaita wazungushaji kwa majina yao kamili pamoja na ya baba zao, kama wanavyoitwa watu kwenye kadamnasi, na hodhi likashuka polepole mno, kama mtoto anavyolazwa.

Kesho yake alichapwa viboko uani bomani. Kosa lililosomwa lilikuwa kwamba hakuisalimu bendera kwa adabu. Alilala kifudifudi nyumbani siku kadhaa, mkewe akimkanda kwa maji ya moto na kumtukana kwa zamu, na fungu lake likaletwa jioni kama la mgonjwa yeyote. Aliporudi gatini, kanzu nyeupe, hatua fupi fupi, mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa askari aliyemchapa.

"Kwa kazi ile ya juzi," akamuuliza, "wanakulipa ngapi?"

Askari, sijui kwa nini, akamtajia.

"Kwa mkono kama huo? Wanakuonea, ndugu yangu."

Nisije nikamfanya walii. Alikuwa mwizi wa bao. Kete zilihama chini ya kiganja chake kama kaa shimoni, na ukimshika alikasirika yeye. Aliyemtoa jasho Mdachi alimwogopa mama mkwe wake kiasi cha kuzunguka msikiti ili asikutane naye. Hakusamehe. Mzungushaji mmoja aliwahi kutoroka na fedha za jamvi mpaka Rufiji, akarudi baada ya muda mrefu amekonda. Fungu lake lilitengwa siku ile ile aliporudi, tena kwa amri ya mwendesha winchi, lakini mwendesha winchi huyo huyo hakumjibu salamu mpaka mmoja wao alipozikwa. Pia alikuwa na mambo aliyoyaamini ambayo hakuna mtu aliyeweza kumtoa. Aliamini kwamba mfalme wa Wadachi naye analipwa kwa mwezi, na kwamba vita vyote vya Ulaya huanza pale anapokatwa mshahara. Nilijaribu kumweleza mambo ya hazina na bunge. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Basi wamemkata."

Sifa hakuzitaka. Ukimwambia ni mtu mwema aliudhika, kana kwamba umemwambia ana kitu usoni. "Wema ni wa mtu anayetoa chake," alisema. "Mimi nagawa."

Niliporudi kutoka Misri nilikwenda kumsalimia gatini nikiwa na tarbushi langu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ehe, umesoma nini huko muda wote huu?"

"Fasihi, mantiki, na fikihi kidogo. Na Kiingereza, maana Waingereza wamejaa kule."

"Alhamdulillahi. Na wanakulipa ngapi?"

"Bado sijapata kazi."

Akanitazama kuanzia tarbushi hadi viatu, kwa huruma ya kweli. Akawageukia wazungushaji. "Mtengeeni huyu fungu la wagonjwa."

Wakalitenga. Nikalikataa kwa aibu, kisha nikajuta, kwa sababu njaa niliyokuja nayo haikuwa ya mantiki.

Miaka michache kabla ya vita Mdachi alihamisha boma kutoka Chole kwenda Kilindoni, ambako meli kubwa zinaweza kutia nanga. Winchi ilifunguliwa vipande vipande ikapelekwa huko. Mwendesha winchi hakupelekwa. Waliona wamepata nafasi ya kuachana naye bila kelele. Chole ikabaki na nyumba za mawe zisizo na kazi, na mahamali wake wakarudi kwenye muhogo. Yeye akasuka makuti na kuuza, na jamvi likatandikwa siku chache chache, likiwa na hela za kuona haya.

Kisha wakaja Waingereza na vita vyao, wakaikamata Mafia, na ghafla Kiingereza changu kikawa na bei. Nikawa mkalimani na karani wa afisa wa mizigo pale Kilindoni. Afisa huyo aliikuta winchi inaota kutu, meli zinasubiri, na askari wake hawajui pa kuanzia. Walijaribu wenyewe mara moja. Sanduku la makopo ya jamu likaenda baharini na watoto wa Kilindoni wakapiga mbizi siku nzima. Akaniuliza kama kuna mtu anayeijua mashine ile. Nikajivuna kama niliyemzaa. Nikasema yupo.

"Rupia thelathini kwa mwezi," akasema afisa.

Nilitembea mpaka Utende, nikavuka kwenda Chole, nimebeba ile thelathini kifuani kama barua ya posa. Nilimkuta juu ya paa lake, anaezeka. Mkewe alikuwa chini anampa makuti. Wote wawili walikuwa wamezeeka kuliko nilivyotazamia. Niliposema kiasi, kuti lilimponyoka yule mama mkononi.

"Thelathini?" akauliza mzee kutoka juu. "Na wazungushaji?"

Hilo nilikuwa nimeliogopa njia nzima. "Wazungushaji ni watu wanaokamatwa kwa kazi za jeshi. Hawana mshahara. Wanapewa wali."

"Wali na nini?"

"Wali."

Akachomeka kuti mahali pake, akalifunga. "Mwambie anipe na mimi wali, na hizo thelathini atugawie wote."

"Hakubali, mzee. Nilishamuuliza. Ndivyo ilivyo jeshini."

"Basi na mimi ndivyo nilivyo. Sitaki."

Nikamgeukia mkewe. Huyu ndiye niliyemtegemea, nikiri hivyo. Nilikuwa nimezisikia kelele zake tangu utoto. Nilijua paa lile limemnyeshea masika ngapi. "Mama, msaidie kuelewa," nikasema. "Ni thelathini. Hamtapata tena nafasi kama hii. Mseme kidogo."

Aliinama akaliokota lile kuti, nikadhani nimeshinda.

"Mimi nimemgombeza mwanamume huyu tangu chuma kile kilipofika Chole," akasema, "kwa sababu ni mume wangu, na maji yanayovuja yananidondokea mimi. Wewe na Mwingereza wako mnamgombeza kwa lipi?"

"Simgombezi, mama. Namtakia heri."

"Heri! Yeye ashike thelathini, mwana wa mwenziwe azungushe kwa wali mkavu? Ndiyo uliyosomea Misri hayo?" Akanyoosha kidole kwenye lundo. "Nipe hilo kuti hapo, usije ukasema umekuja bure."

Nikampa. Nikampa na jingine. Mpaka alasiri, mhitimu wa chuo chenye nguzo nyingi alikuwa anapokezana makuti, tarbushi limetundikwa kwenye mti wa uzio, na hakuna aliyetaja tena thelathini.

Afisa hakuamini. Akaniagiza nitafute mwingine. Nikawatafuta waliokuwa wazungushaji, maana na wao walikwisha kujifunza breki kwa kuitazama tu, na walikuwa watano au sita, wametawanyika Chole, Juani na Jibondo. Kwa kila mmoja nilitaja thelathini, na kila mmoja aliniuliza swali moja la kwanza, lile lile: wenzangu watalipwaje? Niliacha kulitafsiri kwa afisa. Nilimwambia tu kwamba winchi haina mtu. Meli zikapanga foleni. Barua kali zikaja kutoka juu. Mwishowe afisa akapiga meza, akasema kama chuma hakifanyi kazi basi waletwe watu, mahamali, wengi iwezekanavyo, ujira wa siku, kila mmoja mkononi mwake jioni. Watu wale wa kukamatwa wakaandikwa nao, kwa kuwa mabega hayakutosha.

Chole yote ikavuka.

Nilimkuta mzee asubuhi ya siku ya pili pale ufukweni Kilindoni. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo njia inapanda kutoka majini, nimevaa viatu, kalamu nyuma ya sikio. Mstari wa watu ulitoka baharini hadi ghalani, na walikuwa wanaimba. Yeye alikuwa katikati ya mstari. Hakuwa na kanzu. Alikuwa na kaniki imefungwa kiunoni, na sanduku la biskuti za jeshi begani, na mgongoni mistari ya zamani ya bomani ambayo sikuwahi kuiona. Kila wimbi liliporudi alilisubiri lipite, ndipo akapiga hatua.

"Mzee," nikamwambia alipokaribia, "kazi hii si ya umri wako. Sasa hivi ungekuwa umesimama kwenye breki, mtu mkubwa, na thelathini zako."

Alisimama kuvuta pumzi. Hakunitazama. Alitazama nyuma yake, kule majini, akaufuata mstari kwa macho mpaka mwisho, mtu kwa mtu, wa Chole na wa Juani na wale waliokamatwa ambao sikuwajua majina.

"Hawa wote wanalipwa leo?"

"Wote."

"Na yule mwenye upele, wa mwisho?"

"Na yeye. Wote, mzee."

Akalisawazisha sanduku begani.

"Basi sogea, karani," akasema kwa ile sauti yake, mpaka wa ghalani wakageuka. "Unawazibia njia watu wanaolipwa."